KIONGOZI HUWAENDEA WATU WAKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Bwaise, Kampala





Iko kazi moja katika uongozi ambayo watu wengi hawaihesabu kuwa ni kazi, nayo ni kutembea. Kiongozi akijenga msikiti, watu huona ukuta. Akitoa fedha, huiona risiti. Lakini akitoka nyumbani mwake alfajiri, akaenda kuketi na watu kumi mahali pa mbali, akawasikiliza, akaliangalia daftari lao, akarudi usiku na vumbi kichwani, watu husema, Amekwenda kutembea tu. Hotuba hii ni juu ya kutembea huko, na juu ya mtu mmoja wa Uganda ambaye kazi yake ilikuwa hiyo.

Mtu huyo ni Bwana Sam Owori, aliyefariki dunia tarehe 13 Julai 2017. Alikuwa Mkristo, na kazi yake ya riziki ilikuwa katika mabenki na mambo ya uendeshaji wa makampuni. Alipata kuwa mkuu wa Benki ya Biashara ya Uganda, na mkurugenzi katika Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwaka 1978 alijiunga na klabu ya Rotary ya Kampala, na kwa mwaka wa 1987 hadi 1988 akawa gavana wa eneo zima.

Asije mtu akauliza, Kwa nini katika mkutano wa Waislamu kutajwe habari za asiyekuwa Muislamu? Mtume (S.A.W.), alipohama Makka kwenda Madina pamoja na Abubakar Siddiq (R.A.), alimkodi mjuzi wa njia, Abdullahi bin Urayqit, naye wakati huo hakuwa katika dini yake. Aliijua njia, na alikuwa mwaminifu. Basi mwenye kuijua njia hufuatwa katika njia anayoijua.

Rotary ilianza katika mji wa Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Mwanasheria aitwaye Paul Harris aliwakusanya wenzake watatu, kila mmoja na biashara yake, wakawa wanakutana kwa zamu, wiki hii ofisini kwa huyu na wiki ijayo ofisini kwa yule. Jina lao lilitokana na kuzunguka huko. Yaani tangu siku ya kwanza watu hawa walikuwa watu wa kuendeana. Walifika Nairobi mwaka 1930, na klabu ya Kampala ikaundwa mwaka 1957, Uganda ikiwa bado chini ya Mwingereza. Zamani hizo wengi wa waliokaa mezani walikuwa Wazungu na Wahindi wenye maduka na ofisi. Mtu wa Bwaise angefika mlangoni kupeleka mkaa.

Hapana budi kulitaja jambo moja waziwazi, kwani lisiposemwa hapa litasemwa nje ya mlango. Katika miaka ya 1970 na ya 1980 wako wanazuoni, wa Makka na wa Misri miongoni mwao, waliowaonya Waislamu wasijiunge na klabu za namna hii, kwa kuchelea kuwa zina uhusiano na Freemason. Wenye klabu hukanusha uhusiano huo, na wako Waislamu ambao ni wanachama. Suala la kujiunga lina wenyewe, nao ni wale waliosoma na wanaoweza kupima hoja za pande zote mbili. Hapa halikatwi shauri hilo. Linalotazamwa hapa ni namna watu hao wanavyofanya kazi yao, na kama Waislamu wa Bwaise, ambao dini yao iliwafundisha kuzuruana tangu karne ya kwanza, wanafanya hata nusu yake.

Sasa kazi ya gavana ni nini? Klabu za eneo kubwa, pengine nchi nzima au nchi kadhaa, huwekwa chini ya mtu mmoja aitwaye gavana. Huyu si gavana wa serikali. Hana askari, wala hana mshahara. Hushika kazi tarehe 1 Julai, na ifikapo tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata huikabidhi kwa mwingine, apende asipende, hata kama kila mtu angali anamtaka. Katika miezi hiyo 12 sharti lake kubwa ni kuzizuru klabu zote zilizo chini yake. Siku hizi klabu zimekuwa nyingi mno, basi huruhusiwa kuzikusanya mbili tatu akazionea mahali pamoja. Lakini sharti lenyewe lingali palepale. Hakuna klabu inayoambiwa, Nyinyi ni wadogo, subirini.

Afikapo, kwanza hukutana faraghani na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Huulizwa: mlisema mwaka huu mtafanya nini? Mmefika wapi? Wanachama wangapi wameingia, na wangapi wametoka, na waliotoka walitoka kwa sababu gani? Swali hili la mwisho ni zito, na ni jumuiya chache mno zinazopenda kuulizwa. Kisha huonyeshwa kazi: kisima, zahanati, darasa, au shimo la msingi ambalo bado halijawa kitu. Jioni ndipo hukaa na wanachama wote, akasema nao. Usiku hulala, na kesho yake huwa katika mji mwingine anauliza maswali yaleyale.

Kwa uadilifu isemwe pia kuwa si kila ziara ni ya namna hiyo. Wako magavana, kama walivyo viongozi wa kila jumuiya chini ya jua, ambao ziara zao ni chakula, picha na mashada ya maua. Tena klabu hizi hukutana katika mahoteli, na ada zake si za mtu auzaye ndizi Kalerwe. Mwenye kusifu asisifu mpaka akaficha. Walakini kanuni ya kuzuru ni njema hata pale aliyeishika ni dhaifu, kwa sababu inamlazimu atoke nyumbani.

Ufikirie basi mwaka aliokuwa gavana Bwana Owori. Vita vilivyoileta serikali mpya mjini Kampala vilikuwa vimekwisha Januari 1986 tu. Kaskazini ya nchi bado watu walikuwa wakiuana. Mei 1987 fedha ilibadilishwa, sufuri mbili zikaondolewa katika shilingi, na wenye akiba wakakatwa sehemu yake. Barabara zilikuwa mashimo. Simu ya mkononi haikuwapo. Mtu akitaka kuwaarifu watu wa mji mwingine kuwa atawajia, huandika barua na kuomba Mungu ifike kabla yake. Eneo lake halikuwa Uganda peke yake, bali lilikuwa na nchi za jirani ndani yake. Na katika Uganda yote zilikuwapo klabu 9.

Klabu 9 katika nchi iliyotoka vitani! Mwenye akili za biashara angesema, Hizi ziachwe zife zenyewe. Lakini alipofariki Bwana Owori, miaka 29 baada ya mwaka wake wa ugavana, klabu za Uganda zilikuwa zimefika 89. Haitakuwa haki kusema kuwa mtu mmoja ndiye aliyezizaa zote hizo. Baada yake walipita magavana wengi, Waganda na Watanzania na wengineo, wanaume kwa wanawake. Wanawake, kwa kutaja tu, walianza kukubaliwa uanachama duniani kote mwaka 1989, na leo katika Uganda ni nguzo za klabu hizo. Ila lililo dhahiri ni kwamba zile 9 hazikufa, na chama cha watu hufa upesi zaidi pale wanapoona hakuna ajaye kuwauliza hali.

Wazee wa Kampala wakisikia maneno haya humkumbuka Prince Badru Kakungulu, aliyezaliwa 1907 na kufariki 1991, ambaye ardhi yake ya Kibuli ndiyo ilipojengwa msikiti na mashule yaliyowasomesha watoto wa Kiislamu wakati ambapo mlango mwingine ulikuwa mwembamba. Kumbukumbu yake ni njema na inastahili. Lakini ardhi hutolewa mara moja, na baada ya kutolewa huhitaji mtu wa kuizungukia kila mwaka na kuuliza, Ile nyumba ya waalimu, paa lake likoje?

Kuna mahali ambapo ziara za watu wa Rotary zilikutana na Waislamu ana kwa ana, na ni vizuri kisa hicho kijulikane Bwaise. Tangu mwaka 1985 chama hicho kilijitwika kazi ya kuung'oa ulimwenguni ugonjwa wa polio, ule unaopooza miguu ya watoto. Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini ya Nigeria, Kano ikiwa mbele, yaliyasimamisha matone ya chanjo. Baadhi ya viongozi wa dini walisema kuwa ndani yake mna kitu cha kuwafanya wasichana wasizae. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo mkuu wa Rotary duniani, Bwana Jonathan Majiyagbe, mwanasheria, alikuwa mwanachama wa klabu ya Kano yenyewe, na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Shughuli ilirejea mwaka 2004, baada ya mazungumzo marefu, na baada ya chanjo kununuliwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Kwa muda ule virusi vya kaskazini ya Nigeria vilikwisha kushika njia: viliingia Sudan, vikavuka bahari mpaka Yemen, na vikafika huko huko Indonesia.

Anayetafakari kisa kile huona makosa pande mbili. Walioeneza uvumi walibeba dhima ya watoto waliolemaa. Na walioleta chanjo walikuja miaka mingi na masanduku ya barafu, lakini hawakuketi vya kutosha na masheikh, wakawaeleza, wakaulizwa, wakajibu. Masanduku yalizuru, watu hawakuzuru. Walipoanza kuketi ndipo mambo yalipofunguka, na Agosti 2020 Afrika yote ilitangazwa kuwa imetokwa na polio ya asili.

Pengine mtu atasema, Nigeria ni mbali. Basi na aje hapa hapa. Juni 2021 yalichukuliwa maji machafu ya kupimwa katika vituo viwili vya Kampala, Bugolobi na Lubigi. Ndani yake vikaonekana virusi vya polio, vya namna ile itokayo katika chanjo ya matone yenyewe, hubadilika na kuenea pale ambapo watoto wengi hawakupata chanjo. Lubigi! Hakuna mkazi wa Bwaise asiyeijua Lubigi. Ndilo bonde linalopokea maji ya mtaa huu, ndio mfereji unaojaa mvua ikinyesha usiku, ndiko yanakokwenda yote yatokayo katika vyoo vya Kawempe. Hapakuwa na haja ya kumtafuta Mnigeria. Januari 2022 wahudumu walipita nyumba kwa nyumba nchi nzima, kuwafikia watoto zaidi ya milioni 8 walio chini ya miaka 5, na katika mitaa kama hii mlango ulifunguka upesi zaidi pale ambapo imamu au mwenyekiti wa mtaa alikwisha kupita kabla, akasema na akina mama. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni hamfungulii mlango mtu mwenye kisanduku. Humfungulia mtu anayemjua.

Wala jambo hili si geni katika Uislamu. Imepokewa katika tarikh ya At-Tabari kuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), katika siku za mwisho za ukhalifa wake, alitia nia kuwa Mwenyezi Mungu akimpa uhai atatembea mwaka mzima miongoni mwa raia zake. Alipanga kukaa miezi miwili Sham, miezi miwili Al-Jazira, miwili Misri, miwili Bahrain, miwili Kufa na miwili Basra. Hesabuni: miezi 12. Na sababu aliyoitoa ni kuwa watu wana haja zao ambazo hazimfikii. Maliwali wao hawamfikishii, na wao wenyewe hawawezi kuja Madina.

Tazameni sababu hiyo ilivyo. Umar hakuwa na upungufu wa habari. Alikuwa na barua, alikuwa na wapelelezi, alikuwa na Muhammad bin Maslama aliyemtuma kuwakagua maliwali, akafika Kufa na kuuchoma moto mlango wa jumba la liwali kwa kuwa ulikuwa ukiwazuia wenye shida. Tena yeye mwenyewe usiku alikuwa akizunguka Madina kwa miguu. Pamoja na yote hayo aliona kuwa liko lisilomfikia mpaka aende. Na leo mwenyekiti wa jumuiya ndogo, mwenye simu mbili mfukoni, huona kuwa anajua hali za watu wake wote kwa sababu hakuna aliyempigia!

Nia ile haikutimia. Umar aliuawa mwishoni mwa mwaka 23 wa Hijra, naye yumo katika sala ya alfajiri, na ule mwaka wa safari ukabaki kuwa nia.

Na Bwana Owori pia hakuufikia mwaka wake mkubwa. Alikuwa amechaguliwa kuwa mkuu wa Rotary duniani kwa mwaka wa 2018 hadi 2019, Mganda wa kwanza na Mwafrika wa pili baada ya yule wa Kano. Kazi hiyo ni safari tupu, nchi kwa nchi. Tarehe 1 Julai 2017 alianza mwaka wake wa kujitayarisha, na siku ya 12 baada ya hapo alikuwa marehemu, kwa matatizo yaliyofuata upasuaji nchini Marekani. Kiti akapewa Bwana Barry Rassin wa Bahama. Ziara zote zikafanywa, kwani zilikuwa zimeandikwa katika kanuni, si katika moyo wa mtu mmoja tu. Hapo ndipo penye kuumiza kwa Waislamu, maana katika jumuiya nyingi mzee mmoja mwenye moyo akifa, kuzuru kunakufa naye. Hapakuwa na daftari lenye kusema kuwa mwezi huu ni zamu ya nani kwenda wapi.

Sasa Bwaise. Bwaise si Sham wala Misri. Ni sehemu tatu, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mtu mzima akitoka barabara ya Bombo kwa miguu, akakata vichochoro, akafika kwenye mfereji, hatatumia asubuhi nzima. Hata hivyo kuna nyumba ambazo hazijaingiwa na kiongozi wa Waislamu tangu mwenye nyumba alipooa. Ardhi ni ya kinamasi. Vyoo vimejengwa juu ya ngazi kwa sababu ukichimba hatua chache unakuta maji, na mvua ikizidi, yaliyomo chooni huja mlangoni. Hilo wengi wanalijua kwa kusikia. Wanaolijua kwa kuona ni wachache, nao si wale wanaokaa viti vya mbele.

Ilivyozoeleka ni kuwa kiongozi huitwa. Hutandikwa mkeka, hupigwa turubai, hupikwa pilau, na mgeni wa heshima hufika saa tatu baada ya saa iliyoandikwa, watoto wa madrasa wakiwa wamesimama juani na kaswida imewakauka mdomoni. Husema maneno, hupigwa picha, huondoka. Kwa hesabu ya daftari hiyo ni ziara. Lakini mwalimu wa madrasa ambaye hajapata posho yake hakuulizwa kitu, na mjane aliye nyuma ya msikiti alikuwa jikoni akiosha sufuria za wageni.

Kuzuru kunakotakiwa ni kwepesi kuliko huko, na gharama yake ni ndogo. Watu watatu wanatosha: mwenyekiti, katibu mwenye daftari, na mama mmoja miongoni mwa akina mama, kwa kuwa ziko nyumba na yako mambo ambayo mwanamume hafikii. Wasipikiwe. Mwezi huu sehemu ya kwanza, mwezi ujao ya pili, kisha ya tatu, ndipo warudi mwanzo. Waulize wagonjwa ni nani, watoto wangapi hawako shule, nani hajampeleka mtoto wake kuchanjwa na anaogopa nini, madrasa inadaiwa kodi ya miezi mingapi. Waulize pia lile swali zito la gavana: nani aliyeacha kuja msikitini au kutoa mchango, na aliacha kwa sababu gani. Jibu liandikwe jinsi lilivyo, hata likiwa ni juu ya mwenyekiti mwenyewe. Mweka hazina naye achukue hesabu ya mapato na matumizi, aisome pale kibarazani, kwa aliyetoa shilingi 1,000 kama kwa aliyetoa milioni.

Na kuhusu wakati, mvua kubwa hapa huanza Machi mpaka Mei, tena Septemba mpaka Novemba. Ziara ya kwanza ifanywe katika miezi hiyo, maji yakiwa bado ndani ya nyumba. Watakaokwenda wavae viatu vya mpira, na daftari walifunge katika mfuko wa nailoni.